Taa Iliyobaki Ndani ya Maji

Brashi ilikuwa imeshafika ukingoni mwa ziwa, na mzee alikuwa ameacha kupumua. Ndivyo alivyofanya kila alipokaribia mstari. Alivuta pumzi, akaibana kifuani, akauteremsha wino taratibu mpaka pale penseli ilipoishia, kisha akaiachia pumzi kama mtu aliyetua gunia. Karatasi ilikuwa mezani kichwa chini miguu juu. Maji yalikuwa mbali naye, mahali pa mbingu, na mji ulikuwa karibu na tumbo lake.

"Umefika wapi, Baba?" binti yake aliuliza bila kugeuka.

"Nimefika kwenye weusi."

"Ukurasa wote ni weusi."

"Basi nimefika."

Binti alicheka puani na kuendelea na kazi yake. Alikuwa kwenye meza ya pili, karibu na dirisha, anachora nywele za msichana mmoja kwa kalamu ya wino nyembamba kama sindano. Nywele hizo zilikuwa zimelowa ukungu, na alitaka zionekane zimelowa unywele mmoja mmoja. Alikuwa kwenye kisogo tangu asubuhi. Kwenye ofisi ya jarida walimwita Konokono, na jina lilimkaa vizuri hata yeye mwenyewe akaanza kulitumia pale kwenye jalada, chini ya kichwa cha hadithi, kwa herufi ndogo zisizomsumbua mtu.

Hakuna aliyemfundisha kuchora. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu alipoazima manga ya kwanza kwa mwanafunzi mwenzake, moja ya zile hadithi za picha nyeusi na nyeupe zinazotoka toleo kwa toleo, akainakili yote kwa penseli kabla ya kuirudisha. Akaazima nyingine. Baada ya miaka sita ya kunakili alifungua daftari jipya, akaandika tarehe, akachora mkono wa kushoto mara mia moja. Mwezi uliofuata, wa kulia. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuwa na haraka na mkono, wala na mtu, wala na hadithi.

Baba yake naye alikuwa mchora vibao vya maduka, mpaka vibao vya plastiki vilipoingia mjini na kumpumzisha kabla hajachoka. Alikaa nyumbani miezi mitatu akipaka rangi kila kitu kilichosimama, mlango, geti, ndoo, hadi siku moja binti yake alipomsogezea chupa ya wino na kumwambia, "Baba, nijazie hapa." Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyejaza weusi. Binti alichora mistari, mzee alijaza vivuli, anga na maji. Weusi wake haukuwa wa kawaida. Aliupaka mara tano, kila mara akingoja ukauke, hata ukiutazama kwa muda ulihisi una kina, kama vile kidole kingeweza kuzama.

Na alijaza karatasi ikiwa imegeuzwa. Aliileta tabia hiyo kutoka kwenye vibao. "Ukiangalia picha, mkono unaanza kusoma," alieleza siku ya kwanza. "Na mkono unaosoma unatetemeka. Mimi sitaki kujua kama ni mlima au ni pua ya mtu. Nionyeshe tu mpaka."

Konokono alisikia karatasi ikizungushwa mezani.

"Unamaliza?"

"Namaliza. Naigeuza tu, shati lisiburuzike kwenye wino mbichi."

"Shati lenyewe limeshakuwa jeusi."

"Limeshakuwa jeusi, ndiyo, lakini weusi wa shati ni wangu na wa karatasi ni wako."

Ukurasa aliokuwa akiumaliza ndio uliokuwa moyo wa toleo la tisa. Ulikuwa mpana, kurasa mbili zilizounganishwa, hauna mtu wala neno. Ulionyesha mji wenye minara kando ya ziwa, na ziwa limetulia tuli, hakuna hata kikunjo kimoja cha maji, kiasi kwamba mji wa juu na kivuli chake cha chini vilifanana kama mapacha. Hadithi yenyewe iliitwa *Mji wa Dirisha Moja*. Katika toleo la kwanza mji huo ulikuwa na madirisha mia yanayowaka. Kila toleo taa zilizimika, na kila taa ilipozimika kitu fulani kilichoishi ziwani kilisogea hatua moja kuelekea ufukweni. Msomaji hakuwahi kukiona kitu hicho. Aliona duara la maji tu, au ndege wameacha kulia. Sasa taa ilibaki moja, kwenye dirisha la juu kabisa la mnara mrefu, na msichana aliyebeba kengele ya chuma mgongoni alikuwa akitembea kando ya ziwa kuifuata kabla nayo haijazimika. Alianza kutembea toleo la kwanza. Mpaka sasa hakuwa amefika hata darajani.

Konokono alikuwa ameipanga hadithi kwa matoleo kumi na mawili. Taa ingezimika kwenye toleo la mwisho, msichana akiwa ameshika kitasa cha mlango. Kwa toleo hili la tisa alitaka kitu kidogo tu. Kwenye mji wa juu dirisha liwake, na kwenye kivuli chake ndani ya maji dirisha hilohilo liwe giza kwa picha hiyo moja tu, kisha liwake tena. Dirisha lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mchele. Msomaji makini angeliona na kukosa usingizi. Msomaji mwenye haraka angefungua ukurasa mwingine.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu wakubwa wa jarida waliamini wasomaji wengi ni wa aina ya pili. Walikuwa wamemtuma mhariri aje na ujumbe mfupi. Katika toleo la tisa kitokee kitu. Kisipotokea, toleo la kumi ndilo la mwisho, na Konokono atafute namna ya kuimaliza safari ya msichana wake katika kurasa thelathini na mbili.

Mhariri alibisha hodi saa tisa alasiri, akaingia kabla ya kukaribishwa, maana alishazoea. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha foleni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiegemee mlango, nimeupaka jana."

"Mlango huu kila nikija umepakwa jana." Alijikagua mkono, akavuta kiti. "Konokono, habari za msichana wetu? Bado anatembea?"

"Anatembea."

"Matoleo manane anatembea! Angekuwa anakwenda mbinguni angeshafika, angeshapokelewa, angeshachoka kuimba."

"Kengele ni nzito," Konokono alisema kwa upole.

"Na mimi pia ni mzito, lakini nimefika." Mhariri alinyoosha mkono. "Haya, nipe. Kesho saa sita mashine zinaanza, na mimi nimetumwa nirudi na tukio. Umeniwekea tukio?"

"Nimekuwekea."

Konokono aliweka kalamu, akaenda kwenye meza ya baba yake, akatafuta namba ya ukurasa iliyoandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ili ajue upande wa kichwa, kisha akaunyanyua ukurasa kwa pembe mbili za juu.

Mhariri alitazama. Mdomo wake uliokuwa tayari kusema ukabaki wazi kidogo.

"Umeizima," alisema mwishoni, kwa sauti ambayo Konokono hakuwahi kuisikia kwake. "Umeizima taa."

Konokono aliugeuza ukurasa aone. Mji wa juu ulikuwa mweusi wote, kila mnara, kila dirisha. Chini, ndani ya maji yaliyotulia, punje moja nyeupe ilikuwa ikiwaka peke yake.

Alikuwa na desturi ya kuhesabu hadi kumi kabla ya kuitoa kauli yoyote nzito, na alipofika kumi akaona aanze tena. Nyuma yake mzee alikuwa amesimama na kitambaa cha brashi mkononi. Alitazama ukurasa, akatazama meza, mkono wake ukazunguka hewani mara moja, mara mbili, kama mtu anayezungusha karatasi asiyoishika. Mara ya kwanza mji ulikuwa karibu na tumbo lake. Alipoigeuza ili shati lisiburuzike, mji ulihamia upande wa pili, na yeye akaendelea kufanya kazi kama vile uko palepale. Maji yalitulia mno. Hapakuwa na chochote cha kumwambia upi ni mji na upi ni kivuli.

"Hili si lake," mzee alisema. "Ni langu. Nimekosea."

"Umekosea nini, Mzee?"

"Taa ya juu ilitakiwa iwake. Ya chini ndiyo izime. Niligeuza karatasi nikapotea." Alikohoa. "Miaka thelathini na moja ya vibao nimekosea mara moja tu. Niliandika BUCHA kwa rangi nyekundu, herufi nzuri sana, juu ya mlango wa kinyozi. Sikukosea herufi, nilikosea mlango. Yule bwana alikaa nalo wiki nzima, na watu wakawa wanaogopa kuketi kwenye kiti."

Mhariri alicheka hadi akajifuta macho, lakini mzee hakucheka. Alikuwa ameshafungua droo na kutoa kichupa cha rangi nyeupe.

"Tone moja la nyeupe juu, tone moja la wino chini. Chai haipoi, picha imerudi."

"Mtu asiguse!" Mhariri aliinuka na kukinga ukurasa kwa mikono miwili kama mama anayekinga mtoto. "Mzee, weka hicho kichupa. Konokono, nisikilize. Nimeisoma hadithi yako tangu ukurasa wa kwanza, na leo ndiyo mara ya kwanza imenitisha. Hii ndiyo niliyotumwa. Ukiirudisha taa pale juu nitaondoka na picha nzuri, na picha nzuri wanazo za kutosha. Sitakuwa na neno la kukutetea. Toleo la kumi litakuwa la mwisho."

"Na taa ikiwa imezimika," Konokono aliuliza polepole, "msichana anatembea kwenda wapi?"

Mhariri aliutazama ukurasa tena.

"Nina matoleo matatu yamechorwa kwa penseli. Kurasa tisini na sita. Kila ukurasa anaifuata taa. Taa ikizima leo, yeye anageuka anarudi nyumbani, na mimi pamoja naye. Hata hapo hadithi inakuwa imekwisha, tena vibaya zaidi."

"Kwa hiyo?"

"Nipe saa moja."

"Saa moja ya watu au saa moja ya kwako?"

"Kunywa chai," alisema Konokono.

Alimkuta baba yake jikoni, anaosha brashi kwenye sinki. Alikuwa akiiosha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Maji yalikuwa yameshatakata zamani.

"Usiiache kwa ajili yangu," mzee alisema bila kugeuka.

"Sijaamua."

"Najua hujaamua. Wewe hujaamua tangu kuzaliwa, mama yako alikungoja siku tisa zaidi na begi lake liko mlangoni." Alizima bomba. "Nasema hivi. Kosa langu lifutwe kama kosa la mtu mwingine yeyote. Usilivalishe nguo nzuri ukalitembeza mbele za watu ili mzee asijisikie vibaya. Nimekwisha kujisikia vibaya. Haiumi sana."

"Baba, ningetaka kukuhurumia ningekununulia kiti chenye mgongo."

"Hilo nalo ulifikirie."

"Nitakwenda kuangalia. Likiwa bovu nitalifuta mbele yako. Likiwa zuri litabaki, na bado litaitwa kosa. Unakubali?"

Mzee alikausha brashi kwa vidole, akazirudisha nywele zake kwenye ncha moja.

"Kaangalie," alisema.

Konokono alikuwa na njia moja ya kuangalia, na aliitumia kila alipokwama. Alivua viatu, akatoa kurasa zote za toleo la tisa, akazipanga sakafuni kwenye korido, moja baada ya nyingine, kuanzia mlango wa choo mpaka mlango wa mbele. Kisha akazifuatisha na kurasa za penseli za toleo la kumi, zikakunja kona na kuingia sebuleni, zikapita chini ya miguu ya mhariri aliyelazimika kuinua viatu na kikombe. Halafu akaanza kutembea pembeni ya kurasa hizo kwa soksi, mikono mgongoni, kama mkaguzi wa reli.

Alitembea mara ya kwanza akiwa anaamini taa inawaka juu. Kila kitu kilikwenda sawa.

Alitembea mara ya pili akiwa anaamini imezimika.

Kwenye ukurasa wa ishirini na mbili alisimama. Hapo msichana aliinua kichwa, akaiona taa mnarani, akakaza kamba ya kengele. Hapo palikuwa na uongo sasa. Konokono alichukua kipande cha karatasi tupu akakifunika kisanduku hicho cha picha. Akaendelea. Ukurasa wa ishirini na tano, tena kichwa juu. Akafunika. Alipomaliza toleo la tisa alikuwa amefunika visanduku sita. Alitegemea viwe sitini. Akarudi mwanzo, akahesabu upya, maana hakujiamini kwenye hesabu za furaha. Vilikuwa sita.

Alichuchumaa. Kwa nini sita tu? Alimtazama msichana kwenye kurasa zilizobaki, ukurasa kwa ukurasa, na akaona kitu ambacho alikichora kwa mkono wake mwenyewe kwa miaka miwili bila kukitilia maanani. Msichana alikuwa ameinama. Kengele ilikuwa nzito na ilimwinamisha tangu toleo la kwanza. Alitembea ukingoni mwa maji, shingo chini, macho kwenye ziwa. Karibu kila mara alipoiona taa, aliiona ndani ya maji.

Na ndani ya maji taa ilikuwa bado inawaka.

Konokono alikaa sakafuni. Hakutaka kujiamini haraka. Alikuwa ameshawahi kupenda wazo jioni na kulikana asubuhi. Alihitaji mtu mwingine apite njia hiyo, mtu asiyejua.

"Mhariri," aliita. "Vua viatu, uje utembee."

"Mimi?"

"Anzia chooni."

Mhariri alivua viatu kwa malalamiko, soksi moja ikiwa imetoboka kwenye kidole gumba. "Usichore hiki," alimwonya, akakificha kidole. Akaanza. Mwanzoni alitembea kama mtu anayepita gulioni, jicho huku, jicho kule. Alipofika kwenye ukurasa mpana alisimama. Mji mweusi, punje nyeupe chini. Alitikisa kichwa, akasonga.

Ukurasa uliofuata, msichana anatembea, macho kwenye maji, na taa iko pale, inang'aa taratibu. Ukurasa mwingine, anajifuta midomo kwa mkono. Karatasi tupu. Anasogea hatua moja zaidi karibu na maji ili aione taa vizuri. Karatasi tupu. Kisha, kwenye kisanduku kirefu chembamba ambacho Konokono alikichora wiki nne zilizopita na kukisahau, msichana aliitazama taa ndani ya maji akatabasamu. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu katika matoleo tisa. Ncha ya kiatu chake ilikuwa imeshalowa.

"Inua kichwa, wewe!" mhariri alifoka.

Mzee alichungulia kutoka jikoni.

"Nani anafokewa?"

Mhariri alikuwa amejiziba mdomo. Aliutazama ukurasa, akamtazama Konokono, akautazama ukurasa tena.

"Hajui," alisema.

"Hajui."

"Sisi tunajua."

"Tangu ukurasa mpana."

"Na hiyo ya chini..." Mhariri alichuchumaa kwa shida, akaweka kidole hewani juu ya punje nyeupe bila kuigusa. "Ya juu imezimika. Kwa hiyo hiyo ya chini, nani anaiwasha?"

Kwa matoleo manane kitu cha ziwani kilikuwa kikisogea ufukweni hatua kwa hatua. Sasa kilikuwa kimepata njia ya kumfanya mtu asogee mwenyewe.

"Wewe ni mtu mbaya sana," mhariri alisema taratibu.

"Asante."

"Mpaka lini hajui?"

"Mpaka mlangoni. Toleo la kumi na mbili, kama nilivyopanga. Safari haibadiliki hata hatua moja. Anatembea vilevile, polepole vilevile. Kilichobadilika ni wewe."

Alilisema hilo bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja saa. Mhariri alikuwa amekuja na maneno mengi ya wakubwa kichwani, na sasa aliyatafuta asiyaone.

"Wakubwa watauliza kama mambo yametokea," alisema.

"Waambie wavue viatu."

Mhariri alicheka, akaketi palepale koridoni, akavuta simu. Alizungumza na mtu kwa dakika chache, sauti yake ya foleni ikiwa imerudi yote. Hapana, siji na kurasa leo. Ndiyo, kuna tukio. Hapana, siwezi kulieleza, likielezwa linakufa, utaliona kesho. Matoleo kumi na mawili, ndiyo, nimesema kumi na mawili, niandike barua? Alikata, akajipangusa shingo.

"Kesho saa nne nakuja kuchukua. Saa nne, Konokono. Mashine saa sita. Watatazama, na najua watakavyofanya, maana mimi mwenyewe nimemfokea mtoto wa karatasi. Vile visanduku ulivyofunika ni vingapi?"

"Sita."

"Utaviweza?"

"Nitaviweza."

"Hujahesabu hata kumi."

"Hivi nimeshavihesabu."

Mhariri alipoondoka, akiwa amekwepa mlango uliopakwa jana, mzee alikuja kusimama juu ya ukurasa mpana uliokuwa bado sakafuni. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo aliutazama kwa utulivu ukiwa umesimama sawasawa, mji juu na maji chini. Aliutazama sana. Alisogea kulia, akasogea kushoto.

"Kumbe ni mji," alisema.

"Ni mji, Baba."

"Mzuri." Akamgeukia. "Sema kweli. Ungeuwaza hivi mwenyewe?"

Konokono alifikiri, kwa sababu swali lilistahili.

"Nisingeuwaza. Ningebaki na changu, na changu kilikuwa kizuri, lakini kilikuwa kinanong'ona. Hiki kinamfanya mtu apige kelele."

"Kwa hiyo ni kosa."

"Ni kosa. Linabaki."

"Hapo sawa." Mzee alionekana kuridhika, kama fundi aliyelipwa neno lake. "Lakini kuanzia leo uniandikie JUU pembeni ya kila karatasi. Herufi kubwa. Siku nyingine nikipotea tutapata mlima ndani ya pua."

Konokono aliandika papo hapo. Alichukua rundo lote la karatasi tupu, karatasi arobaini na tatu, akaandika JUU kwa penseli kwenye pembe ya kila moja, na mzee akazipokea moja moja akizikagua kama herufi zimekaa sawa. Alizikuta zimekaa vibaya. Akachukua penseli, akaonyesha namna J inavyotakiwa kuketi.

Kisha wakaingia kazini.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa chepesi kuliko alivyofikiri. Pale msichana alipoinua kichwa sasa aliinamisha zaidi, na kamba ya kengele ikamkata bega. Konokono alikichora kwenye karatasi mpya kwa penseli, akakipitisha wino, akakikata kwa rula na wembe na kukibandika juu ya kile cha zamani kwa gundi nyembamba, akikandamiza kingo kwa ukucha. Mzee alijaza nywele. Alibana pumzi, akaiachia. Cha pili kilikuwa kigumu. Palitakiwa paonekane kwamba msichana nusura aangalie juu. Kengele ikalia kidogo mgongoni, akageuza shingo kusikiliza, macho yakabaki majini. Konokono aliichora shingo hiyo mara kumi na moja pembeni ya gazeti la zamani. Ya kumi na moja ilikuwa ndiyo. Aliinakili kisandukuni bila kuinua penseli.

"Hii itawaua," mzee alisema, baada ya kujaza. Sasa alikuwa ameanza kutazama picha, na kwa kweli mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

"Inawaua polepole."

"Ndiyo kazi yako."

Mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kuwa wa njano. Kwa mwanga huo wino mbichi na wino mkavu vinafanana, na hapo mtu anaweza kuharibu kwa dakika moja kilichochukua siku nzima. Konokono alifunga chupa ya wino. Mzee alikunja mikono ya shati lake jeusi, akaziweka brashi kwenye kopo, nywele zikitazama juu. Vilibaki vinne. Asubuhi saa kumi na mbili hadi saa nne, saa nne za kazi, saa moja kwa kila kisanduku, na mhariri akichelewa kama kawaida yake wangepata na ziada ya kunywa chai.

Kisanduku cha tatu kilikuwa kimeshaanzwa kwa penseli, kipo wazi mezani. Kilikuwa na bega, kamba, upande mmoja wa kengele na ukingo wa maji uliopita karibu sana na kiatu.

Mzee aliinama akakitazama.

"Kichwa je?"

"Kesho," alisema Konokono, akaweka juu yake karatasi safi ili vumbi lisikichafue.